Kabla Hujamjazia Mwanao Fomu ya Udaktari

Matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa mwezi Julai, nyumba nyingi huingia katika msimu mfupi wa mashauriano ambayo, kwa hakika, hayana ushauri ndani yake. Kijana aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia akifaulu, baba huwa ameshakata shauri kwamba mwanawe ni daktari, na mama ameshawaarifu majirani. Asiyeulizwa ni mwenye matokeo. Na kama alama hazikufikia udaktari, neno "afya" halitajwi tena katika nyumba hiyo. Mtoto husukumwa kwenye shahada yoyote iliyopatikana, kana kwamba hospitali nzima huendeshwa na daktari peke yake.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria sawa na 1111 Miladia, aliihesabu tiba miongoni mwa elimu za fardhi kifaya katika kitabu chake Ihyaa Ulumid-Din. Aliwalaumu watu wa zama zake kwa kurundikana katika fani moja iliyokuwa na vyeo na heshima, yaani fiqhi ya mijadala, ilhali miji mingi haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja. Sisi tumeigeuza sura ya tatizo, lakini tatizo lenyewe ni lile lile. Leo tiba ndiyo iliyo na heshima, nasi tumerundikana kwenye mlango wake mmoja, huku milango mingine ikiwa wazi na hakuna anayeingia.

Tumfuate mgonjwa mmoja tuone. Mzee wa miaka 65 amepatwa na kiharusi, upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki vizuri. Daktari anampokea na kuamua tiba. Picha ya kichwa inapigwa na mtaalamu wa radiolojia, damu inapimwa na mtaalamu wa maabara, dawa zinahakikiwa na mfamasia asije akapewa mbili zinazogombana. Anayekaa naye usiku, kumgeuza asipate vidonda vya mgongo na kumlisha taratibu asipaliwe, ni muuguzi. Baada ya siku kadhaa mzee anaruhusiwa kurudi nyumbani. Hapo ndipo familia nyingi hudhani tiba imekwisha, kumbe kwa mgonjwa wa kiharusi hapo ndipo sehemu ndefu inapoanza. Anahitaji mtaalamu wa fiziotherapia wa kumfundisha tena kusimama na kutembea, na mwingine wa kumfundisha kujivalisha, kutawadha na kushika kijiko kwa mkono uliosalia na nguvu. Anahitaji mtu wa lishe wa kuieleza familia chumvi na mafuta vipunguzwe vipi bila mzee kususa chakula. Na ikiwa gharama zimewashinda, anayekaa na ndugu, kuipima hali yao na kuwaombea msamaha wa malipo ni afisa ustawi wa jamii, ambaye ofisi yake wengi wetu hatujui hata iko upande gani wa hospitali.

Watu wote hao wana shahada zao, na shahada hizo zinasomeshwa hapa hapa nchini. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho mizizi yake ni chuo cha udaktari kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, kinafundisha uuguzi, ukunga, famasia, maabara na afya ya mazingira, mbali na udaktari. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ambacho jina lake huwafanya wazazi wafikirie jembe tu, kina shahada ya lishe ya binadamu. Kule Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kiko chuo cha TATCOT kinachofundisha utengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo, na wanafunzi huja kusoma hapo kutoka nchi nyingine za Afrika. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na shahada yake ya ustawi wa jamii haimdai mwanafunzi awe amesoma sayansi. Kwa hiyo kijana aliyesoma Historia na Kiswahili, mwenye moyo wa kusaidia watu, naye ana mlango. Shahada nyingine, ikiwemo lishe, humpokea pia aliyesoma Kemia, Baiolojia na Jiografia.

Ningependa nikae kidogo kwenye kazi mbili ambazo hazitajwi sana katika vikao vyetu vya familia.

Ya kwanza ni afya ya mazingira. Wazee wetu walimwita mwenye kazi hii "bwana afya", na walimwogopa kwa kuwa alikagua vyoo, visima na machinjio. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, vita vyenyewe havikupiganwa wodini pekee. Vilipiganwa kwenye maji ya kunywa, vyooni na kwa mama lishe. Mtu wa kazi hii akiifanya vizuri, hakuna anayemshukuru, kwa sababu ugonjwa alioukinga haukuonekana. Umma unaofundishwa twahara tangu utotoni ulitarajiwa uwe wa mbele katika fani hii, lakini sijui ni wazazi wangapi wameitamka nyumbani.

Ya pili ni ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa afisa ustawi wa jamii nafasi kubwa katika mambo ya matunzo na malezi: wazazi wanapoachana na kugombea watoto, taarifa yake mahakamani ina uzito. Huzungumza na mtoto aliyedhulumiwa, na humtafutia ndugu mzee aliyetelekezwa. Haya ndiyo mambo yanayofika kwa masheikh wetu kila wiki baada ya swala ya Ijumaa. Tukiwa na vijana waliosomea kazi hii, wenye kujua taratibu za serikali na wakati huo huo wanaoelewa edda, nafaka na hadhana ni nini, familia nyingi zitahudumiwa kwa insafu kuliko zinavyohudumiwa leo.

Sasa nije kwenye suala la mabinti, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Katika nyumba zetu kuna matakwa mawili yasiyokaa pamoja. Mume anapompeleka mkewe kujifungua, huulizia mlangoni kama yuko mkunga wa kike. Ana haki ya kuuliza, na mwanachuoni yeyote atamwambia kwamba mwanamke kuhudumiwa na mwanamke mwenzake ndilo linalotangulizwa pale inapowezekana. Lakini mume huyo huyo, binti yake akileta fomu ya ukunga, husema kazi hiyo si ya binti wa watu wa dini: ina zamu za usiku, ina mchanganyiko, itamchelewesha kuolewa. Tujiulize basi, huyo mkunga wa kike tunayemtaka mlangoni tunatarajia ametoka nyumba ya nani?

Sizibezi hofu za wazazi. Nyingi zina msingi. Zamu za usiku zipo na usafiri wa saa tano za usiku ni jambo la kupangiwa, si la kuachiwa bahati. Hosteli nyingine hazina uangalizi. Lakini hofu hujibiwa kwa mipango. Wauguzi wenye kuvaa hijabu wamo katika hospitali zetu za serikali miaka mingi, na hakuna anayewashangaa. Kuhusu ndoa, binti akiposwa akiwa mwaka wa pili, masomo na kazi yazungumzwe wazi kabla ya akdi, mbele ya wazee wa pande zote mbili, yasiachwe yakaja kuwa ugomvi baadaye. Na tukumbuke kwamba wanahistoria wa Sira wanamtaja Bibi Rufaida al-Aslamiyya, radhiyallahu anha, aliyekuwa na hema la kutibia majeruhi katika msikiti wa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, na humo ndimo alimohudumiwa Saad bin Muadh baada ya kujeruhiwa katika vita vya Khandaq. Hakuna aliyesema hema lile halikuwa mahali pa mwanamke wa dini.

Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Kushuka huko kuna sababu nyingi, na mojawapo ni akina mama kuzalishwa na watu waliosomea kazi hiyo. Hao 104 waliobaki nao wana watoto na waume. Utafiti huo wa 2022 ulionyesha pia kwamba karibu watoto 3 katika kila 10 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na hiyo ni kazi ya watu wa lishe.

Na wavulana? Kijana wa kiume akitaja uuguzi nyumbani huchekwa. Anayemcheka hajawahi kulazwa akahitaji mwanamume mwenzake wa kumsaidia kuoga.

Kabla ya kujaza fomu, nashauri jambo ambalo halihitaji fedha. Mtoto aombewe nafasi ya kukaa wiki mbili au tatu katika zahanati, duka la dawa, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au kituo cha kulea wazee, hata kama kazi yake itakuwa kupanga mafaili na kufagia. Atazame wanafanya nini saa nne asubuhi, na wanafanya nini saa tisa wakiwa wamechoka. Wapo watoto watakaorudi wamezidi kuipenda kazi. Wapo watakaorudi wakisema harufu ya dawa na vilio vya watoto wamevishindwa, na hilo ni bora lijulikane Julai kuliko lijulikane mwaka wa tatu. Udaktari katika vyuo vyetu vingi ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla ya usajili kamili. Uuguzi na famasia ni miaka minne, nao wana utarajali wao. Hiyo ni safari ndefu mno kuianza kwa ajili ya kumridhisha shangazi.

Mzazi naye ana kazi ya kuhakiki. Kwanza, chuo na shahada yenyewe viwe vimeidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo kila mwaka hutoa mwongozo wa udahili wenye vigezo vya kila shahada. Pili, liulizwe baraza la taaluma husika, liwe la madaktari, la uuguzi na ukunga, la famasia au la maabara, kama mhitimu wa shahada hiyo husajiliwa na kupewa leseni. Shahada yenye jina zuri isiyompatia mhitimu leseni ya kazi aliyoikusudia ni hasara ya miaka na ya mirathi iliyouzwa. Wale wanaoshawishiwa na mawakala wa vyuo vya nje waongeze uangalifu maradufu: TCU ndiyo inayotambua shahada za nje, na Baraza la Madaktari lina taratibu zake za kuwapima waliosomea huko. Waulizwe hao kabla ya kulipa ada, si baada ya kurudi.

Jambo la ajira lisemwe kwa ukweli pia. Vibali vya ajira serikalini havitoshi wahitimu wote, na wapo wenye shahada za afya wanaojitolea huku wakisubiri. Aliyeshindwa kuingia shahada moja kwa moja asione njia imefungwa, kwani cheti na stashahada zilizo chini ya NACTVET, kama ya afisa tabibu au ya uuguzi, humwingiza kazini mapema, na mwenye ufaulu mzuri anaweza kuomba shahada baadaye. Baadhi ya wauguzi wazuri mno niliowahi kuwaona walipita njia hiyo ndefu.

Limebaki suala la fedha, ambalo kwa familia zetu lina sura mbili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukopesha, na mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Kwa miaka kadhaa wazazi wengi walijizuia kwa sababu ya tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, wakiiona inanuka riba. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, lakini bado nasikia watu wakiitaja kama ipo. Mwenye shaka juu ya masharti yaliyosalia auchukue mkataba wenyewe, ampelekee mwanachuoni anayemwamini, ausome mstari kwa mstari, asitegemee maneno ya barazani.

Na anayekusudia kuomba mkopo asingoje dirisha la maombi lifunguliwe. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, na cha kifo cha mzazi kwa aliye yatima, huhitaji kuhakikiwa na RITA kwa Tanzania Bara na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa Zanzibar. Jina lililoandikwa "Mwanaisha" kwenye cheti cha shule na "Mwana Aisha" kwenye cheti cha kuzaliwa linaweza kumgharimu binti mwaka mzima. Vitoeni vyeti hivyo kabatini wiki hii, mvilinganishe herufi kwa herufi.