Springi Mpya, Shokomzoba za Zamani



Matajiri wengine huinua Land Cruiser za safari inchi 2 kwa springi ndefu na ngumu, lakini shokomzoba huziacha zile zile. Hii si akiba. Gurudumu likishuka shimoni, shokomzoba fupi hufika mwisho kabla ya springi, huvutwa mpaka ikang'oka. Tena springi ngumu hufyatuka kwa nguvu. Shokomzoba dhaifu haiwezi kuituliza, gari likarukaruka na kumponyoka dereva. Halafu dereva ndiye hukatwa mshahara! Sisi twasema: vyote viwili vinunuliwe pamoja, vipimwe gurudumu likiwa chini kabisa, kisha juu kabisa. Fundi akikataa kulipitisha gari, asikilizwe. Springi huuzwa dukani. Mgongo wa dereva hauuzwi.