Sahani Moja kwa Mzazi na Mtoto

Katika vikao vyetu vya parokia tunazungumza mara nyingi juu ya muziki, lakini karibu kila mara kwa namna moja tu: ni muziki gani uliokatazwa. Safari hii tungependa kuligeuza swali. Nyumba ya Kikristu yenye mtoto anayeanza kutembea, isikilize nini? Tunaliuliza juu ya sahani za santuri, zile nyeusi zenye tundu katikati, kwa sababu katika masanduku ya wazee wetu zingalipo, na kwa sababu sahani, kuliko vyombo vingi vya siku hizi, humlazimisha mtu mzima awepo.

Mtoto wa miaka miwili hawezi kuiweka sahani peke yake. Lazima mtu aitoe katika ganda lake, aifute vumbi, aishushe sindano kwa mkono usiotetemeka. Na upande ukiisha, lazima mtu yule yule ainuke aigeuze. Simu haidai hayo. Simu hupewa mtoto ili anyamaze, na mzazi huenda zake. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo cha simu wala televisheni, na yule wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Wengi wenu ndio mnaoachiwa wadogo zenu mama anapokwenda sokoni, na wengine mwakaribia kuwa na nyumba zenu wenyewe. Basi jambo hili ni lenu kabla ya kuwa la wazazi wenu.

Kanuni tunayoipendekeza ni moja, nayo ni rahisi kuitamka kuliko kuishika: sahani ya mtoto iwe ni ile ambayo mzazi angeisikiliza hata mtoto akiwa amelala. Mtoto wa umri huo ana maneno machache, lakini husoma uso wa mama na wa baba kwa ufundi ambao sisi wakubwa tumeupoteza. Baba akiuvumilia wimbo tu, mtoto hutambua. Baba akiupenda, akitikisa bega, akijibu kiitikio bila kujua kwamba anajibu, mtoto naye huupenda, kwa kuwa ameona furaha ya kweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliiita familia Kanisa la nyumbani, ukawataka wazazi wawe wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Sisi twaamini kwamba mahubiri hayo huanza kabla ya maneno, katika kufurahia jambo moja pamoja.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema kwamba mtoto atafutiwe nyimbo za kitoto peke yake. Zipo nzuri, hatukatai. Lakini nyingi zimetungwa na watu waliodhani kwamba mtoto ni mjinga, na mzazi aliyezisikia mara tatu hukimbilia uani. Wala hatukubaliani na ndugu zetu wenye bidii wanaotaka nyumba ya mkristu isipige kitu kingine ila nyimbo za Kanisa. Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe, alipotaka kukemea ugumu wa kizazi chake, alitaja watoto wa sokoni waliopiga filimbi na wenzao wasicheze. Alikuwa ameitazama michezo ya watoto, na hakuiona kuwa jambo la aibu.

Hata hivyo, sahani ya kwanza tunayoitaja ni ya Kanisa, nayo ilizaliwa katika nchi yetu. Ni Missa Luba. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda huko Kamina, katika Katanga, kwaya ya wanafunzi na walimu wao, ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. (Jina hilo lina harufu ya enzi yake, sauti ni za watoto wa Kamina.) Mwaka 1958 walisafiri Ulaya wakaimba, na kampuni ya Philips ikaitoa Misa yao katika sahani. Maneno ni ya Kilatini, yale yale ya Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Agnus Dei. Tuni na midundo ni ya kwetu. Miaka mitano baadaye, mwaka 1963, Mtaguso ulipoagiza kwamba muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada, watoto hao walikuwa wamekwisha kuimba.

Kwa nini sahani hiyo imfae mtoto wa miaka miwili? Kwanza, anasikia watoto. Sauti zile nyembamba zinazopanda juu ya ngoma ni za wavulana wa shule, na mtoto huitambua sauti ya mtoto mwenzake upesi kuliko sauti ya mwimbaji mashuhuri. Pili, mmoja hutoa na wengi huitikia, kama zinavyoimbwa nyimbo zetu za jioni, na penye kuitikia mtoto hupata mlango wa kuingilia hata kama jibu lake ni silabi moja. Tatu, vipande ni vifupi. Sanctus haifiki dakika mbili, na hicho ndicho kipimo cha subira ya mtoto huyo. Mzazi naye hapati chakula cha kitoto. Anapata kazi ambayo watu wa mabara mengine wameistaajabia kwa zaidi ya miaka sitini, na akiigeuza sahani anakuta nyimbo za kienyeji za harusi, za ngoma na za kazi.

Wako watakaouliza kama si kukosa heshima kumchezesha mtoto kwa Misa. Swali ni la haki. Sisi twaona kwamba mtoto akipiga makofi wakati wa Sanctus hakosi heshima. Huenda yeye ndiye anayeisikiliza kama ilivyokusudiwa. Anayekosa heshima ni mtu mzima anayeiacha Credo ipigwe huku akihesabu deni lake na jirani. Misa ikiwa juu ya gramafoni, wakubwa wakae. Wasipoweza kukaa, wapige kitu kingine.

Kitu hicho kingine kiwe, kwa mfano, gitaa la Jean-Bosco Mwenda. Mzaliwa huyo wa Bunkeya alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, na wimbo wake Masanga ukawafanya wapiga gitaa wa nchi za mbali kujaribu kuiga vidole vyake. Kuna mtu mmoja tu, gitaa moja, na Kiswahili cha kwetu. Hakuna vyombo ishirini vinavyogombania sikio la mtoto. Anaufuata uzi mmoja, na wazazi wanaelewa kinachoimbwa. Mjihadhari tu na sahani za kwanza za mafundi wa wakati ule, zile za mizunguko 78 kwa dakika: nyingi hazikufanywa kwa plastiki ya vinili ila kwa utomvu mgumu, na zikianguka huvunjika kama kigae. Hizo hazikai karibu na mtoto anayetembea. Tafuteni nyimbo hizo katika sahani za baadaye.

Kisha rumba. Hapa tunajua kwamba baadhi ya wazee wa parokia watakunja uso, lakini tutasema. Wimbo wa rumba, jinsi ulivyojengwa na wakubwa wetu, hugawana wasikilizaji wenyewe: mwanzo ni wa polepole, wenye maneno, na huo ni wa wazazi, kisha magitaa huingia katika sebene, na hiyo ni ya mtoto, ambaye alikuwa akingoja kwa miguu isiyotulia. Chukueni Indépendance Cha Cha ya Joseph Kabasele na African Jazz, iliyorekodiwa Bruseli mwaka 1960 wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara. Ni fupi, mdundo wake umesimama wima, na mtoto aweza kuutembelea kama anayefuata maandamano. Baba akipenda, ana majina ya wanasiasa wa siku zile ya kumweleza mama, au mama ya kumweleza baba. Historia ya taifa imeanza nyumbani, na mtoto bado yupo katikati ya chumba akicheza.

Si kila rumba, hata hivyo. Mario ya Franco, ya mwaka 1985, ni kazi kubwa, lakini inasimulia kijana anayetunzwa na mwanamke aliyemzidi umri, tena ni ndefu mno. Iwekeni kwa saa za wakubwa. Wengine husema kwamba mtoto haelewi maneno. Leo haelewi, kesho kutwa atayatamka, na mgeni atakapofika, labda katekista, mtoto ndiye atakayetangaza nyumba hii husikiliza nini. Mzazi na asikilize sahani nzima peke yake kwanza, pande zote mbili, kabla ya kuipiga mbele ya mtoto.

Kuna sahani ambazo watu waliosoma hupenda kuzinunulia watoto mapema mno. Pierre et le Loup ya Prokofiev, ya mwaka 1936, ni mojawapo: kila mnyama ana chombo chake, na msimulizi aeleza kisa, wenye kupenda Kifaransa kizuri wataikumbuka sauti ya Gérard Philipe. Ni kazi bora kwa mtoto wa miaka mitano. Kwa yule wa miaka miwili, ambaye Kifaransa bado si lugha yake, ni karibu nusu saa ya maneno, na bata humezwa na mbwamwitu.

Tunajua kwamba gramafoni si chombo cha kila nyumba, na umeme nao una tabia zake. Ndiyo sababu tunawapa vijana pendekezo. Kila kikundi kiwaendee wazee wa jumuiya, kikaombe kwa adabu sahani walizo nazo, hata kwa kuazima. Kitafute gramafoni moja inayofanya kazi. Na Jumapili moja ya mwezi, alasiri, kiwaalike katika ukumbi wa parokia wazazi wapya pamoja na watoto wao. Wazee watakaokuja watawaambia ninyi mambo juu ya sahani zile ambayo hayakuandikwa kwenye maganda yake.

Siku hiyo sauti iwe ya chini: kama mama anapaswa kuinua sauti ili baba amsikie, imezidi kwa masikio ya mtoto. Anzeni na zile ndogo za mizunguko 45, zenye wimbo mmoja kila upande. Msimwekee mtoto sahani kumi. Mwekeeni tatu, mshike maganda mbele yake, mwacheni aelekeze kidole. Atachagua ile ile aliyoichagua mara iliyopita, na mara ile nyingine kabla yake. Wekeni ile ile.