Bia ya Kabalagala na kinga ya Ukimwi: nani atalipa?

Ukishuka kwenye taksi pale Kabalagala, barabara ya Ggaba, jioni ya Ijumaa, utakuta baa zimejaa. Kila chupa ya bia na kila chupa ya waragi inayolipiwa pale ina kodi ndani yake. Mwaka 2014 Uganda ilipata sheria ya kuzuia na kudhibiti Ukimwi. Sheria hiyo iliunda Mfuko wa Ukimwi, ikasema asilimia 2 ya kodi inayotokana na bia, pombe kali, soda na maji ya chupa iingie katika mfuko huo. Miaka kumi baadaye mfuko ulikuwa bado haujafanya kazi kama ilivyokusudiwa.

Ndugu msomaji, uwe mkimbizi au mwenyeji wa Makindye, jambo hili linakuhusu. Mwaka 2025 ulituonyesha wazi ni nani aliyekuwa akilipia kinga yetu.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Msaada wa PEPFAR, ulioanza mwaka 2003, ulikuwa ndani yake. Uganda ina watu wapatao milioni 1.5 wanaoishi na virusi vya Ukimwi (VVU), na kila mwaka watu zaidi ya 35,000 huambukizwa upya. Kwa miaka mingi PEPFAR imekuwa mfadhili mkubwa kuliko wote katika vita hivyo.

Tiba ilirudi, kinga ikabaki nyuma

Baada ya siku chache Marekani ilitoa ruhusa maalum ili dawa za ARV ziendelee kutolewa. Lakini PrEP, dawa anayomeza mtu asiye na VVU ili asiambukizwe, iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mwanamke anayeuza ngono Kabalagala, dereva wa lori, kijana ambaye mpenzi wake ana VVU: hao wote waliachwa nje ya ruhusa hiyo.

Kwa nini kinga ndiyo hukatwa kwanza? Mtu aliyekosa ARV anaonekana: anaugua, analazwa, ndugu wanalia. Aliyekosa kondomu au PrEP haonekani leo. Ataonekana baada ya miaka, akiwa kwenye foleni ya ARV, na dawa hizo atazimeza maisha yake yote. Pesa inayookolewa leo kwenye kinga ni deni la kesho kwenye tiba.

Wakimbizi wa mjini wanaguswa zaidi

Kwa utaratibu wa Uganda, mkimbizi hutibiwa katika vituo vya serikali, kama Kisugu, sawa na mwenyeji. Lakini wengi wetu hatukuvutwa na jengo. Tulivutwa na mtu: mwelimishaji rika anayezungumza Kiswahili, Kisomali, Kitigrinya au Kiamhari, anayefika usiku kule kwenye baa na nyumba za kulala wageni, anayebeba kondomu na kipimo bila kuuliza maswali ya aibu. Watu hao walilipwa na miradi. Mradi ukifungwa, jengo linabaki lakini mtu huyo haji tena.

Februari 2025 Wizara ya Afya iliagiza kliniki maalum za ARV ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Hilo lina faida yake: ukikaa kwenye foleni, hakuna anayejua umefuata nini. Lina hasara pia: foleni ni ndefu, na kama hakuna mkalimani, mgeni anaweza kuondoka bila kusema shida yake.

Makubaliano mapya, maswali yaleyale

Desemba 2025 Uganda na Marekani zilitia saini makubaliano ya afya ya miaka mitano. Marekani inaweza kutoa hadi dola bilioni 1.7, nayo Uganda inatakiwa kuongeza zaidi ya dola milioni 500 zake. Ndiyo maana kodi ya bia haiwezi kubaki kwenye karatasi. Na kuna maswali mawili ya kuuliza: katika fedha hizo, kinga itapata kiasi gani? Na nani atawaajiri waelimishaji rika?

Sababu ya kutumaini ipo. Sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili tu kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Uganda na Afrika Kusini. Kati ya 2,134 walioipata, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kuanzia mwaka 2027 inatarajiwa kuuzwa kwa takriban dola 40 kwa mtu kwa mwaka katika nchi 120 za kipato cha chini na cha kati. Lakini sindano haitembei yenyewe mpaka Kabalagala.

Wewe ufanye nini? Kama unameza ARV, usiache hata kama kliniki yako imehamishwa. Uliza chumba kipya kiko wapi. Ukizimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenzako kwa ngono. Kama huna VVU lakini uko hatarini, nenda kapime, kisha uulize PrEP kwa jina lake. Ukienda, chukua kadi yako ya ukimbizi na mtu unayemwamini wa kukutafsiria.

Nanyi wenyeji, muulizeni diwani na mbunge wenu habari za ule mfuko wa mwaka 2014. Mkimbizi hapigi kura Uganda, lakini akinunua soda analipa kodi ileile mnayolipa ninyi.