Nani Anahamia kwa Mwenzake? Neno Tunalowasingizia Wazee

Kijana na binti wakianza kukaa nyumba moja, kuna swali ambalo hakuna mtu anauliza, juu wote wanafikiri jibu linajulikana tangu Adamu. Binti anafunga mizigo, kijana anangoja. Hata kama kijana analipia chumba kimoja kule Annexe, mahali maji ni shida, na binti ana lupango yake Katuba na nyumba imekwisha kuezekwa malata, ni binti njo anahama. Nyumba yake anawaachia balokateri, kisha wote wawili wanaenda kulipa mwenye nyumba mwingine. Ukiuliza juu ya nini, unajibiwa neno moja tu: desturi.

Sisi wenye kuandika ndani ya kitabu hiki tunalipenda neno hilo. Kwa sababu hiyo tusikubali litumiwe kufunika mambo ambayo wazee wetu hawakuyafanya. Nasema wazi: kwamba siku zote mwanamke ndiye anamfuata mwanaume, hiyo si desturi ya watu wote wa Katanga. Kwa wengi wetu ni desturi ya kambi ya kampuni. Na kwa wale ambao kweli ni desturi ya babu zao, haikuwa namna hii tunayoifanya leo.

Tuanze na watu wa kusini, Walamba, Waaushi, Walala, na Wabemba wa upande wa Luapula. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. Kijana akitaka bibi, hakumvuta kwenda kwao. Yeye mwenyewe alibeba shoka lake akaenda mugini kwa wazazi wa binti. Akajenga kinyumba pale. Akakata miti ya shamba la mkwe, akatengeneza ghala, akatumwa hapa na pale. Mama mkwe alimwepuka, hawakula pamoja, hawakutazamana uso kwa uso, mpaka heshima zilipotimizwa moja kwa moja. Neno matebeto, chakula kile upande wa mke unapikia mkwe ili kumkubali, halijakufa hata leo. Audrey Richards, mama mmoja Mwingereza aliyekaa kwa Wabemba wa Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliandika mambo haya kwa urefu katika kitabu alichotoa mwaka 1939. Lakini hatuna lazima ya kumngoja Mzungu: waulizeni wazee wa Sakania na wa Kasenga wenye bado wanaishi.

Kuhamisha bibi kulikuja nyuma. Wakati miaka imepita, watoto wamezaliwa, wazazi wameona moyo wa kijana, ndipo aliweza kuomba ruhusa ya kwenda na bibi yake kwao. Kuomba, nasema. Waliweza kumkatalia.

Sasa leo kijana wa kabila hizo hizo, akisikia rafiki yake anakaa mu nyumba ya bibi, anacheka mpaka machozi: «Yule, bibi njo alimuoa!» Babu yake alifanya nini? Babu yake alikaa kwa bibi miaka na miaka, na hakuna mtu aliyemwita mwanamke. Aliitwa mkwe mzuri.

Najua mtajibu: wewe unasema juu ya Walamba na Wabemba, lakini sisi Waluba, sisi Wabashi, kwetu mwanamke anahama. Ni kweli, na sitaki kuwageuza wote kuwa Wabemba. Ila tuangalie kwa nini. Kule Bushi, baba alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, kwa mwami ao kwa mkubwa aliyewekwa na mwami, na kwa kalinzi hiyo shamba likawa lake na la watoto wake wanaume. Kijana alikatiwa kipande pale karibu na baba yake. Migomba iko pale, ng'ombe ziko pale. Bibi angekaa wapi kwingine? Alihamia mahali shamba lilikuwa. Desturi ilikuwa na mzizi ndani ya udongo.

Na yule binti aliyehama hakutupwa. Mali iliyotolewa ilifunga jamaa mbili. Akiteswa alirudi kwa baba yake, na bwana alipaswa kuja kumtafuta mbele ya wazee, wala hakuja mikono mitupu. Kwa Walamba na Wabemba ulinzi ulikuwa wa namna nyingine: mimba ya kwanza ilizaliwa karibu na mama yake, na kaka zake walikuwa palepale kusikia kama usiku kuna makelele. Njia mbili tofauti, lakini pande zote mbili wazee walijua kitu kimoja: mwenye kuhama anakuwa mgeni, na mgeni anahitaji watu wa kumsimamia.

Sisi tumebakisha kuhama. Wale watu wa kusimamia, tumewaacha mugini.

Hii ilitoka wapi? Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza ilichukua vijana bila bibi, kwa mikataba mifupi, nao walikufa na kukimbia kwa wingi. Kuelekea mwaka 1928 kampuni ikageuza mawazo: mfanyakazi mwenye bibi na watoto anatulia, anaweza kufanya miaka mitatu na kupita. Basi ikawasaidia vijana kuoa, hata kwa kuwakopesha feza za mali. Ikajenga nyumba mu kambi. Ikagawa posho. Nyumba ilikuwa kwa jina la nani? La mfanyakazi. Posho ilihesabiwa juu ya nani? Juu ya mfanyakazi, bibi na watoto wakiwa wameandikwa nyuma yake. Kijana wa Kilamba hangeweza tena kwenda kumtumikia mkwe, maana mkwe hakuwa na namba ya kazi. Binti alipanda treni ao lori, akashuka kambini, akaingia nyumba ambayo si ya bwana wala si yake. Ilikuwa nyumba ya kampuni. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mwaka 2001 kitabu kizima juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, namna kampuni ilimpandisha baba kuwa mkubwa wa nyumba, na namna ukubwa huo ulitikisika kampuni ilipotikisika.

Maana Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilianguka. Mishahara ikakosekana miezi na miezi, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango uliolipiwa na Banki ya Dunia, wakauita «kuondoka kwa kupenda». (Kupenda gani, Mungu anajua.) Nani alilisha watoto miaka hiyo? Bamama. Unga, makala, samaki wa Kasenga, nguo za kuvaliwa zilizotoka Zambia. Kwa franga zile zile wengi wakanunua lupango, wakapiga matofali, wakajenga. Leo mabinti zao wanazo nyumba ao wanayo kazi: mwalimu Kipushi, muuguzi Likasi. Kampuni iliyotoa nyumba kwa jina la bwana haitoi tena. Lakini sheria yake ya kambi tunaendelea kuifuata, tena tunaibatiza jina la babu.

Mnaona ni jambo dogo, kubadilisha chumba tu? Wale waliokuwa wakubwa mwaka 1992 na 1993 wanakumbuka gare ya Likasi na gare ya Kolwezi, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa na kulala pale siku nyingi wakingoja treni. Kulikuwa nyumba nyingi za mchanganyiko. Kuna wanawake waliozaliwa hapa waliofuata bwana mpaka inchi ambayo hawajaiona hata siku moja, na kuna wengine ambao ndugu zao waliwashika wasipande. Siku ile swali la nani anamfuata nani halikuwa swali la mizigo.

Na hata bila vita, kuna kifo. Bwana akifa, binti aliyehama anajulishwa haraka kwamba hakuwa kwake. Matanga hayajaisha, shemeji wamekwisha kuhesabu viti, televizyo, sufuria. «Hii nyumba ni ya ndugu yetu.» Wakati mwingine ni matofali ambayo yeye mwenyewe alilipia. Wanaofanya hivi wanasema pia «desturi». Kumbe sheria ya familia ya mwaka 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kukaa ndani ya nyumba waliyokaa wote wawili. Wangapi wanaijua? Na mjane atamlilia nani, kama jamaa yake iko kilometa mia tatu na walikwisha kula mali yote?

Sheria yenyewe, tuseme ukweli, ilikuwa na dhambi yake. Ile ya 1987 ilisema kwamba mke anapaswa kukaa na mume na kumfuata popote mume anapoona vema kukaa. Maneno ya kambi kabisa! Mwaka 2016 bunge liliigeuza: ruhusa ya mume iliondolewa, na makao yakawa jambo la kupatana wawili. Yaani karatasi ya Kinshasa imekaribia hekima ya wazee wa Luapula kuliko sisi wenye kujiita walinzi wa mila. Ni haya, lakini njo ukweli.

Kisha kuna wale wenye kuleta Biblia. Wanamtaja Ruti, eti mwanamke anafuata. Wasome vizuri: Ruti alimfuata mama mkwe, na bwana alikuwa amekwisha kufa. Yakobo alikaa kwa Labani na kumtumikia miaka saba, kisha saba tena. Musa alikaa kwa Yethro akichunga kondoo wa baba mkwe. Na mwanzoni kabisa, mwenye kuacha baba na mama yake ili aambatane na mwenzake, imeandikwa ni mwanaume. Sisemi kwamba Biblia inaamuru vijana wote wahamie ukweni. Nasema tu wasiitumie kama fimbo upande mmoja.

Neno la mwisho la wanaume nalisikia mara nyingi, nalo si la kuchekwa: «Nikikaa mu nyumba yake, siku moja atanifukuza.» Ndiyo, hiyo inaweza kufika. Ni woga wa kweli. Lakini dada yako anaishi na woga huo huo tangu siku alipobeba sanduku lake kwenda kwa shemeji yako, na hakuna mtu aliyeuona kuwa sababu ya yeye asihame. Kama nyumba ya mwenzako inakutia woga, dawa si kwenda kulipa garanti ya chumba kibovu juu ya heshima. Dawa ni mapatano, na mapatano tunayo mahali pa kuyafanyia.

Siku ya mali, pande mbili zinakaa muchana kutwa. Zinabishana juu ya mbuzi, juu ya suti ya baba, vitambaa vya mama, sufuria, taa, na dola, siku hizi dola hasa. Swali la nyumba halipati hata dakika tano. Na wale wenye kukaa tu bila mali, kile ambacho watu wa Kinshasa wanaita yaka tofanda, wao hawana hata siku hiyo moja: binti anakuja na begi jioni, asubuhi anafagia, basi, imekuwa ndoa.

Mimi ningetaka wazee, kabla ya kugusa orodha ya vitu, waulize: mtakaa wapi? Nyumba ile ni ya nani, na karatasi ya lupango inabeba majina mangapi? Nani ataacha kazi ili amfuate mwenzake, na yule mwenye kuacha atapewa nini akiwa hana kitu? Mmoja akifa, nani atatoka? Kwa watu wa kusini, mjomba wa binti awe na ruhusa ya kusema kama zamani: kijana aje kwetu kwanza, tumwone. Kwa Waluba na Wabashi, kama shamba ao nyumba ya jamaa iko kwa mwanaume, binti aende, lakini jamaa ya mwanaume isimame mbele ya watu itaje mtu mmoja kwa jina atakayemlinda siku bwana hayuko. Na wote wawili waende komini. Pale wataulizwa namna ya kushika vitu vyao, na kuna njia tatu za kuchagua. Wengi wananyamaza, kisha karani anaandika ile inayowekwa kwa mtu asiyechagua. Wasinyamaze. Wamwambie karani awasomee zote tatu, kwa Kiswahili, polepole, kabla ya kutia kidole.