Jicho na Figo: Matabibu Wawili, Mgonjwa Mmoja



Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, mshika dawa ni mwanamke. Ndiye ajuaye kidonge kipi hutangulia chakula, chupa ipi hukaa ndani ya friji, na lini siku ya kliniki. Mazungumzo ya juma hili ni yake hasa, iwapo nyumbani mwake yumo mwenye maradhi mawili kwa pamoja: glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, na maradhi ya figo.

Glakoma huila neva ya jicho polepole, aghalabu bila maumivu. Huanzia kandoni, hata mgonjwa akawa haioni bodaboda itokeayo ubavuni, ilhali msahafu wake angali anausoma vyema. Kilichopotea hakirudi. Hapo ndipo glakoma inapotofautiana na mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji na nuru ikarejea. Kwa sababu hiyo matone hayaachwi hata siku moja bila ya idhini ya tabibu.

Figo nazo ndizo zinazotoa mwilini mabaki ya dawa nyingi. Zikidhoofika, dawa hukawia na kujilimbikiza, na kipimo kilichomfaa jirani kikawa sumu kwa mgonjwa wetu. Mfano ulio wazi ni kidonge cha asetazolamidi, kijulikanacho zaidi kwa jina la Diamox, ambacho hutolewa ili kushusha presha ya jicho kwa haraka. Kidonge hiki hutoka mwilini kwa njia ya figo. Kwa mwenye figo dhaifu huweza kuzidisha asidi katika damu. Na kwa anayesafishwa damu kwa mashine, huweza kumfanya asinzie mno, achanganye maneno na kuweweseka. Watu wa nyumbani hudhani ni uzee, au husda, wakaanza kutafuta wa kumsomea. Kisomo ni kheri, lakini na kidonge kiangaliwe. Matone ya dozolamidi ni ya ukoo huohuo, nayo hayafai kwa mwenye figo zilizodhoofika sana.

Wala tone lisidharauliwe kwa udogo wake. Tone la timololi hupita katika kijitundu kilichomo pembeni mwa jicho, likashukia puani na kuingia katika damu. Huko huweza kupunguza mapigo ya moyo na kushusha presha ya mwili, na mwenye pumu huweza kubanwa kifua. Wagonjwa wengi wa figo tayari wanameza vidonge vya presha, baadhi yake vya jamii hiyo ya timololi, na mashine ya kusafishia damu nayo huweza kuishusha presha. Dawa ya hilo ni nyepesi: baada ya kutia tone, mgonjwa afumbe jicho, nawe umbonyeze kwa kidole pembe ya jicho iliyo upande wa pua kwa dakika mbili. Yakiwa matone ni ya aina mbili, ngojeni dakika tano baina yake.

Kwa aliyepandikizwa figo, iwe ni Nairobi, Eldoret au India, huzuka jambo jingine. Ili mwili usiikatae figo ngeni, wengi hupewa prednisoloni, nayo kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Dawa ilindayo figo ndiyo hiyo iwezayo kulidhuru jicho. Lakini tahadhari, dada yangu: prednisoloni haiachwi ghafla kwa kuhofia macho, kwani figo huweza kukataliwa, na mgonjwa mwenyewe akaanguka kwa udhaifu wa hatari. Linalotakiwa ni macho kupimwa kabla ya upasuaji na mara kwa mara baada yake, na matabibu wenyewe wapatanishe dawa.

Na hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa matabibu hao mara nyingi hawaonani. Kila mmoja ana faili lake, pengine katika hospitali yake. Basi kapu la dawa liende zima kila kliniki: vidonge, chupa za matone, hata mitishamba ya bibi, maana iko inayodhuru figo. Mwambie daktari wa macho, kabla hajashika kalamu, kwamba mgonjwa ana maradhi ya figo, na umpe majibu ya karibuni ya kreatinini. Daktari wa figo naye atajiwe matone. Wagonjwa wengi hawayahesabu kuwa ni dawa.

Limebaki la Ramadhani, ambapo wako wanaoacha matone mchana kwa kuchelea saumu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, jicho si tundu lililo wazi linalofika ndani ya mwili, hivyo tone halibatilishi saumu hata ladha yake ikihisika kooni. Ama kufunga kwenyewe, kwa anayesafishwa damu au aliyepandikizwa figo, ambaye dawa zake zina saa maalumu na maji yake yana kipimo, ni suala la daktari wa figo kwanza, kisha la sheikh kuhusu fidia. Apelekewe daktari swali hilo mwezi wa Shaabani ungali mchanga, ili apate nafasi ya kupima damu.