Kuazima si Kunakili: Takhmisi na Rapu ya Awali

Wapo wahakiki wanaodai kuwa rapu ya awali haikuwa ubunifu bali wizi wa nyimbo za wengine. Kwa maoni yetu, hukumu hiyo inachanganya maswali mawili: la haki ya mtunzi wa kwanza na la usanii wa mtunzi wa pili.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1981, Queen na David Bowie walitoa wimbo "Under Pressure". Mwaka 1990, Vanilla Ice wa Marekani alijenga "Ice Ice Baby" juu ya mdundo wa gitaa la besi la wimbo huo bila kuwataja wenyewe. Baadaye ndipo walipotambuliwa kuwa watunzi wenza. Mwaka 1991, Saleh J wa Tanzania aliuchukua wimbo wa Vanilla Ice, akautilia maneno ya Kiswahili.

Je, Saleh J alinakili tu? Isimu yaonyesha vinginevyo. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja yanayoishia kwa konsonanti, na rapu ya lugha hiyo huyategemea sana. Neno la Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Vina vya Kiingereza, basi, havihamishiki. Atiaye Kiswahili katika mdundo ule hana budi kupima mizani upya na kutafuta vina vyake mwenyewe.

Jadi yetu inaijua kazi ya namna hiyo. Katika takhmisi, mshairi hutanguliza mistari yake mitatu mbele ya mistari miwili ya shairi la mwenziwe, ubeti ukawa wa mistari mitano. Hatumwiti Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir mwizi kwa takhmisi yake ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo.

Ipo tofauti, nayo ni nzito. Takhmisi huliacha shairi la kwanza lionekane zima. Rapu mara nyingi huchukua kipande tu, na jina la mwenyewe likapotea. Hapo dai la haki lina nguvu, na mwenye chake alipwe. Lakini deni hilo haliufuti usanii.

Kwa hiyo, mwanafunzi achunguzaye rapu za Kiswahili za miaka hiyo auweke wimbo wa awali kando ya ule mpya, alinganishe mizani na vina, kisha ndipo ahukumu. Asikilizaye mmoja tu hawezi kujua kilichoazimwa wala kilichoongezwa.