Paa sawa, lakini milango je?

Makala yenu kuhusu viwanja vya AFCON 2027 ni nzuri, ila mmesifia paa na viti tu. Uwanja wa Talanta pale Nairobi umechorwa kwa ajili ya soka, watu 60,000, bila njia ya riadha. Hapo wamepatia. Kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, uliofunguliwa 2007 ukiwa na njia hiyo, ukikaa nyuma ya goli, kona ya upande wa pili unaiona kwa kubahatisha. Lakini uwanja hupimwa kipenga cha mwisho kikilia. Siku ya mechi ya Simba na Yanga pale kwa Mkapa, watu wanashuka ngazi bega kwa bega, na nje foleni haisogei. Wahandisi watuhakikishie mageti mapana yanayofunguka kwa nje, na yasipigwe kufuli mechi ikiendelea. AFCON 2027 itapita, viwanja tutabaki navyo sisi.